Kijani ya Tantine Yolande

Tantine Yolande alishuka ku treni ya Lubudi na nyama ya kukausha, na sac ya manguo ambayo alikataa kabisa kuifungua, na libwe. Nyama alimupatia mama mwenye nyumba. Sac aliiweka karibu na mulango, kamba imefungwa, sawa muntu mwenye kupita tu. Libwe aliiweka katikati ya meza ya salon, pale bantu ba heshima banaweka maua ya plastiki.

Ilikuwa malachite, ile jiwe ya kijani ya shaba, kubwa kidogo kupita ngumi ya mutoto, upande moja imekatwa na kulainishwa, mistari yake inazunguka sawa maji yenye imetupiwa kitu.

"Hii njo rangi," alisema.

Kalumba, mutoto ya ndugu yake, alikuwa anakula bukari. Alimeza mbele ya kujibu, juu Tantine Yolande haumujibu na mudomo umejaa.

"Rangi ya nini, Tantine?"

"Rangi ya famille. Ku mariage ya Tatiana. Ba upande wa baba bote, karatasi yabo ya ku meza, na ile tableau kubwa ya ku mulango, inakuwa hii. Hapana ndugu yake. Hapana jirani yake. Hii."

"Na kama inakosa kidogo tu?"

Tantine aliangalia sac yake pale ku mulango. "Treni inaendaka na inarudiaka," alisema, na akalomba chumvi.

Sasa mambo yenyewe ilikuwa hivi. Tatiana, dada ya Kalumba, alikuwa anaolewa na Henri Tshiamala, kijana ya bantu ba Kasai, muzuri, mupole, fundi ya motere za camion. Baba yabo, tata Stanislas, alikufa mwaka wenye ulipita. Na kwabo, dada ya baba si shangazi tu, ni tata mwanamuke, ni baba. Siku musemaji wa upande wa bwana anauliza ni nani analeta huyu mutoto, tata akiwa hayuko, ni yeye anasimama. Kama hasimame, banaweza kutafuta cousin fulani mwenye tumbo na cravate, na hakuna mwenye atasema kitu. Lakini bote batakumbuka.

Tatiana alimufuata kaka yake ku jikoni, akamuambia kwa sauti ya chini:

"Kalumba, mi silombe gâteau ya magorofa. Silombe musiki. Ninalomba asimame. Utafanya michezo yako yote kisha mariage, mbele hapana."

"Michezo gani?"

"Wee."

Na hasira ya Tantine juu ya rangi haikutoka mu hewa. Ku kilio ya Stanislas, famille ilichapisha ba tishati zenye sura yake. Tishati bilifika saa ya kwenda ku makaburi, na marehemu alikuwa bleu. Si bleu ya mbinguni, hapana, bleu ya muntu mwenye amekunywa wino. Hakukuwa tena wakati ya kurudisha. Bantu balibivaa, balilia, na benye mioyo migumu balicheka nyuma ya mikono. Tantine Yolande alivaa yake ndani-nje, sura ya ndugu yake imegeukia ku kifua, na hakumuambia muntu neno. Aliibeba ile kimya mupaka Lubudi, na sasa alirudi nayo.

Kalumba alisoma informatique ku Lubumbashi mupaka mwaka wa tatu, kisha yeye na université baliachana kwa upole, bila kugombana. Tangu siku ile, mu quartier Biashara ya Kolwezi, alikuwa muntu ya kutengeneza CV, programme za kilio, na tableau za mariage. Hii ya mwisho njo ilikuwa furaha yake. Ku Kolwezi mariage bila mupango ya meza ni vita: muzee anakaa na batoto ya choir, bakwe banakaa karibu na haut-parleur, na mwezi mzima bantu habasalimiane. Basi Kalumba anaandika majina yote mu Excel, kila muntu mu kisanduku yake, kila upande na rangi yake, na imprimeur, fundi ya kuchapa, anatoa tableau ya ku mulango na tukaratasi twa ku meza. Unafika, unatafuta rangi yako, unakaa, unakula, amani.

Alipiga libwe photo. Ku ordinateur aligusa photo katikati ya musitari wenye alipenda, mashini ikamupatia namba tatu: nyekundu sifuri, kijani mia moja na nane, bleu makumi munane na moja. Kila rangi ya ku écran inapikwa na hizo tatu, sawa mboga inapikwa na mafuta, chumvi na nyanya. Alifungua Excel, akaenda ku Autres couleurs, pale unapika rangi yako mwenyewe, akaingiza namba, akaiweka ikuwe rangi ya kwanza ya palette yake, ile safu ya rangi zake. Kisha, juu ni Kalumba, aliipatia jina. Vert, muntu yote anaweza kuita rangi vert. Yeye aliandika: Tantine Amecheka. Kijani ingine ya hafifu, ya ba rafiki, ikakuwa Tantine Amepanda Treni. Rangi ya upande wa mama ikaitwa Sauce Inaungua.

Tableau ilingaa ku écran sawa majani kisha mvua. Alilala usingizi ya mutoto.

Asubui simu ikalia. Ilikuwa Annie, dada ya Henri, mwenye alikuwa na liste ya upande wabo. Kalumba alikuwa ametoa tableau yake akaibandika ndani ya dossier ya Annie, ili imprimeur apate kitu moja tu.

"Beau, shemeji yangu," Annie alisema, "siye tulilomba bibi moja wa kuoa."

"Ndiyo."

"Moja tu. Sasa ninaona mumetuletea na tantine yake, na ba cousin, na ule mwalimu wa Fungurume na bibi yake. Tutabalisha nini, beau?"

"Annie, unasema nini?"

"Fungua."

Alifungua. Famille yote ya baba, kuanzia Tantine Yolande mu meza ya kwanza mupaka mwalimu wa Fungurume, ilikuwa orange. Orange ilikuwa rangi ya ba Tshiamala. Mu click moja, bila kulipa dot ya mahari, bila mbuzi, bila hata limonade, ba Nkulu bote, ni kusema famille ya baba ya Tatiana, bamekuwa bantu ba Kasai.

"Ba maman hapa banafurahi," Annie aliendelea. "Banasema Yolande anakuya na nyama ya kukausha. Tumukubali?"

"Muache kwanza. Haipendeke aone hii."

"Nitamutumia mu WhatsApp?"

"Annie, minakulomba."

Annie alicheka mupaka simu ikakatika, labda unité za simu zilimalizika, labda pumzi.

Kalumba alikaa akaangalia kosa yake. Alikuwa hakupatia bisanduku rangi, alibipatia nafasi. Alibiambia: vaa rangi ya kwanza ya palette. Ni sawa kumuambia muntu aende akae mu kiti ya mwenye nyumba. Kwako ni kiti ya baba yako, lakini ukimupeleka ku nyumba ingine, anakaa mu kiti ya baba ya bengine. Palette ya Annie ilianza na orange, basi. Alirudia kazi: kila rangi aliitengenezea style ya kisanduku, na jina yake ile ile, akaingiza namba tatu zenyewe ndani yake, wala hapana nafasi, na akapitisha famille yote mu style yake. Akabandika tena kwa Annie. Ba Nkulu balirudi kwabo, kijani, bila kukosa hata moja.

Alijisikia muntu mukubwa sana. Ile hali ilidumu mupaka saa ine ya asubui, alipofika na Tantine ku imprimerie ya tata Lucien.

Juu Tantine alikataa kubaki. "Mara ile nilibaki," alisema, na akavaa viatu.

Tata Lucien alikuwa muzee mwembamba mwenye kuvaa lunettes mbili, moja ku macho, ingine ku kichwa. Alisalimia vizuri, akaleta kiti, akachapa karatasi ya kupima. Karatasi ilitoka ku mashini ingali na joto. Tantine aliishika kwa ncha ya vidole.

"Hii ni sombe," alisema.

Na ilikuwa kweli. Ilikuwa sombe, mboga ya majani ya muhogo, tena ile ya jana, yenye imepashwa moto mara mbili.

"Mama," tata Lucien alisema, "écran iko na taa ndani. Karatasi haina taa. Rangi ya ku écran ni moto, rangi ya ku karatasi ni majivu yake. Kila siku ninabaambia batoto hawa."

"Basi muongeze moto."

"Haiongezeke, mama. Wino yangu njo hii."

"Ku kilio ya ndugu yangu balisema vile vile. Wino njo hii."

Tata Lucien alitoa lunettes za ku macho, akavaa zile za ku kichwa. Hakuuliza kilio gani. Muntu mwenye anachapa mu muji huu anayua kuna kilio.

"Kalumba," alisema, "usiniletee namba moja. Namba moja ni kubahatisha. Nitengenezee échelle, ngazi ya rangi."

Kalumba aliyua. Alifungua ukurasa mupya, akajaza bisanduku na kijani: ukienda ku kuume bleu inaongezeka, ukishuka chini giza inaongezeka, na ndani ya kila kisanduku aliandika namba zake na herufi ndogo nyeupe. Banaichapa ku karatasi ile ile ya mariage, na mashini ile ile, na muntu anachagua kwa macho ku karatasi, écran haiulizwe tena kitu. Hata ikidanganya, inadanganya peke yake.

Balitoka inje na karatasi na libwe, ku mwangaza. Camion ya minerai, yenye kubeba mabwe ya mine, ilipita, balifunga macho, vumbi ikapita, balifungua. Tata Lucien aliweka libwe ku kisanduku moja ya katikati, akaisogeza kidogo, akatabasamu.

"Mama, angalia. Mapacha."

Tantine aliinama. "Mapacha ya nini?"

"Libwe na kisanduku. Hauone pale moja inaishia."

"Hii si libwe. Hii ni vumbi."

"Mama, ni libwe yako mwenyewe ulileta."

"Ni yangu. Lakini haujaiona bado."

Kalumba aliangalia, na akili yake ikaanza kuzunguka. Kisanduku yenye tata Lucien alichagua ilikuwa hafifu kabisa, mbali na namba zenye photo ilimupatia. Namna gani libwe moja, mu siku mbili, ibadilike hivyo? Macho ya tata Lucien ilikuwa nzuri. Simu yake ilikuwa nzuri. Na Tantine, Tantine alikuwa Tantine.

Njo pale Tantine Yolande, bila kuuliza muntu, aliinua libwe na akailamba.

Alilamba upande ulaini wote, sawa muntu anafunga enveloppe, akaishika ku jua. Kijani ilifunguka. Mistari ilitoka chini, moja nyuma ya ingine, nyeusi, majani, nyeusi tena, na ile kijani nzito katikati yenye inaonekana sawa unaweza kuingizamo kidole.

"Hii njo libwe," alisema. "Stanislas aliiokota ku mine ya Mutoshi angali kijana, akaitemea mate mbele yangu, akasema, Yolande, ona. Nikaona. Wewe unanionyesha vumbi."

Na Kalumba alikumbuka: na yeye pia, mbele ya kupiga photo, alikuwa ametemea libwe mate na kuipangusa ku tishati. Hakujua hata alifanya. Ku Kolwezi hakuna mwenye anaangaliaka libwe ikikauka. Mutoto wa primaire anaitemea mate. Muuzaji anaimwangia maji mbele ya kuionyesha kwa mununuzi, na mununuzi anamwanga ingine juu yake, maana hamuamini muuzaji. Libwe kavu ni kitu ya kutupia mbwa.

"Tantine," alisema pole-pole, "tunagombania mabwe mbili. Tata Lucien anatafuta ya kukauka. Weye na simu yangu tunatafuta ya kulowana."

"Basi tafuteni ya kulowana."

"Karatasi inakaukaka, mama," tata Lucien alisema. "Njo kazi yake."

"Kama ni vile, mulowanishe karatasi."

Alisema bila mucheko hata kidogo. Kalumba aliuma mudomo ya chini. Alishaona mu kichwa tableau ya ku mulango, na mutoto pembeni na kopo, kazi yake kumwangia maji kila mara mugeni anaingia, na alitaka sana, sana, kusema ile kitu. Alikumbuka Tatiana ku jikoni. Alinyamaza. Labda hakuna kazi nzito kupita ile alifanya siku ile.

Lakini tata Lucien hakucheka. Alibaki amesimama, karatasi mu mukono, lunettes zimeteremuka.

"Kulowanisha," alisema. "Kulowanisha na isikauke."

Aliingia ndani. Balimusikia anafungua makasha, anasogeza kitu kizito. Balimukuta mbele ya mashini ya plastification, ile yenye anafungaka carte na diplôme, akiweka rouleau ya plastique ya kungaa. Mashini ilichukua wakati ya kupata moto. Tantine alikaa. Kalumba alibaki amesimama. Tata Lucien alipitisha échelle ndani, na ikatoka upande ungine pole-pole, ikilala juu ya meza sawa ulimi.

Kijani zote zilikuwa zimeshuka. Ni neno hilo tu. Zilikuwa juu ya karatasi, sasa zilikuwa ndani yake, chini ya maji yenye hayamwangike. Hata ile sombe, ku pembeni, ilikuwa imepata heshima kidogo.

Balirudi inje. Tantine alilamba libwe na kuiweka ku kisanduku. Alitikisa kichwa, akasogeza. Jua ya Kolwezi ni kali, libwe ilikauka mu mukono yake, akalamba tena. Tata Lucien alimuletea maji mu gobelet.

"Hapana," alisema. "Nilianza na mate, ninamaliza na mate."

Mama mwenye kuuza beignets ngambo ya barabara alisimamisha kazi. Muntu wa pikipiki alisimamisha pikipiki yake. Tantine hakubaona. Alisogeza libwe, akalamba, akasogeza, na mara moja mukono yake ikasimama.

Libwe ilikuwa imepotea ku karatasi. Ulibaki musitari mweusi tu, wenye unazunguka.

"Soma," alimuambia Kalumba.

"Sifuri, makumi kenda na mbili, makumi sita na sita."

"Ni hii."

Kalumba alikaa ku ordinateur ya tata Lucien, akafungua style, akabadilisha namba tatu. Mara moja tu, na famille yote, meza kwa meza, ilibadilika pamoja. Ku écran ilikuwa mbaya, giza, sawa chupa ya bière. Hakujali. Écran haikualikwa ku mariage.

Pale akasikia pumzi ya Tantine ku bega.

"Hapa juu banaandika nini?"

Kidole yake ilikuwa ku jina ya style.

"Ni jina ya rangi, Tantine."

"Ninajua kusoma. Tantine Amecheka." Alimugeukia. "Ulinionaka wapi nikicheka?"

"Ilikuwa maombi tu, Tantine."

Tata Lucien alipata ghafla kazi ya kufanya ku upande ungine wa atelier. Tantine aliangalia ile jina, akashuka ku ingine, akasoma Tantine Amepanda Treni, akashuka tena, akasoma Sauce Inaungua, na pale kitu ilipita ku shavu yake, haraka, sawa mujusi ku ukuta.

"Hii ya sauce, mama yako anaijua?"

"Hapana."

"Asiijue. Na zangu usifute. Lakini moja ikitoka ku karatasi, utaona."

Tata Lucien alichapa tableau, akaipitisha mu plastique, akaleta bic. Kwake hakuna kazi inaendelea bila mwenyewe kuweka sinyé, ile sahihi yake, ku karatasi ya kwanza. Tantine alishika bic, hakuandika.

"Hii mashini," aliuliza, "inaweza kuchapa muntu?"

Tata Lucien alielewa. Hakuharakisha kujibu, na ile ilimupendeza Tantine.

"Muntu ni kazi ngumu kupita libwe, mama. Lakini unaleta photo, ninakufanyia échelle ya sura, unachagua mwenyewe. Siku unataka."

"Kesho ni ya mutoto."

"Kesho ni ya mutoto."

"Nitakuya siku ingine."

Aliandika jina yake yote, na ya baba yake, ikajaza pembe yote ya karatasi.

Siku ya posho, jumamosi ya mariage, tableau ilisimama ku mulango wa salle. Bantu balitafuta majina yabo, balipata rangi yabo, balikaa. Muzee moja ya upande wa Henri, mwenye amenunua minerai maisha yake yote, alisimama pale wakati murefu. Alipitisha kidole juu ya kijani, kisha akaangalia kidole kama imelowana. Annie alimuvuta mukono, akamupeleka ku orange yake.

Balikunywa. Musemaji wa upande wa Tshiamala alisimama, akafunga veste, akasafisha koo.

"Tunamuona huyu mutoto," alisema. "Ni muzuri. Hakutoka mu mawingu. Nani anamuleta?"

Ku meza ya kwanza kiti ilisogea. Tatiana, ku mbele, chini ya voile, hakugeuza kichwa. Kalumba alimuona tu mabega yake, yamepanda mupaka ku masikio.

"Ni mi," Tantine Yolande alisema. "Tata yake."

Ba upande wa Henri balipiga makofi pole-pole, mikono imekunjwa, namna banapigaka mbele ya mukubwa. Mabega ya Tatiana yalishuka. Musemaji aliinama kidogo, akasema, "Tata, tumekusikia," na Tantine Yolande alibaki amesimama bado, hakuharakisha kukaa, mupaka bote balipomuona.